Mti Uliobebeshwa ni Miti Miwili: Somo la Kupogoa kwa Mashamba ya Njombe na Makambako

Barabara itokayo Makambako kwenda Njombe hupanda kwa mwendo wa kilomita 60 hivi, kutoka kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 2,000. Baridi ya kipupwe katika nyanda hizo huwawezesha wakulima kupata matunda ambayo hayastawi pwani: matufaha, peasi, plamu na mafyulisi, ambayo wengi huyaita mapichi. Katika miaka ya karibuni umeongezeka pia mparachichi wa aina ya Hass, ambao matunda yake huuzwa nchi za nje.

Miti hiyo bora ina jambo moja linaloiunganisha. Kwa kawaida haipandwi kwa mbegu, bali hubebeshwa. Yaani kikonyo cha aina inayotakiwa hufungwa juu ya mche mwingine wenye mizizi, vikashikana na kukua kama mti mmoja. Mkulima huulipia mche wa namna hiyo bei kubwa kuliko ya mche wa mbegu, kwa sababu humwahidi matunda ya aina inayojulikana, na kwa muda mfupi zaidi.

Hata hivyo, huweza kutokea mti ukatunzwa miaka minne au mitano, ukapaliliwa, ukatiwa samadi, ukawa na majani mengi ya kupendeza, na hatimaye ukazaa matunda madogo yasiyouzika, au usizae kabisa. Lawama hutupiwa kitalu, au udongo, au mvua. Lakini yawezekana kwamba kitalu kilitoa mche wa haki, na udongo haukuwa na dosari. Mti ulionunuliwa ulikufa kimya kimya, na mti mwingine ukashika mahali pake. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, na jinsi kupogoa kwa maarifa kunavyolizuia.

Mcheri unaoinama

Mti unaolifunua jambo hili waziwazi kuliko mingine si wa Njombe. Ni mcheri wa mapambo wa Ujapani uitwao shidare-zakura, ambao matawi yake hayaelekei juu bali huinama na kuning'inia hadi karibu na ardhi, kama maji yanayoporomoka. Katika mji wa Miharu, wilaya ya Fukushima, upo mti mmoja wa namna hiyo unaokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1922 serikali ya Ujapani iliuweka katika orodha ya hazina za asili za taifa.

Micheri ya aina hii inayouzwa kwa ajili ya bustani hubebeshwa, na mara nyingi kiungo huwa juu, karibu na kimo cha mtu, ili matawi yapate nafasi ya kuning'inia. Mche wa chini ni mcheri wa kawaida unaokua wima. Mwenye bustani asipouangalia, maotea huchipuka kwenye shina chini ya kiungo, nayo hupanda moja kwa moja kuelekea juani. Baada ya miaka michache bustani huwa na mti wa ajabu: nusu ya matawi yake yanaelekea mbinguni, nusu yanaelekea ardhini. Akiendelea kuuacha, matawi yanayoinama hufunikwa kivuli, hudhoofika na kufa. Mti uliosalia ni mcheri wima wa kawaida ambao hakuna aliyeununua.

Kwa mcheri huo, hata mtoto mdogo huliona kosa, kwa kuwa sehemu mbili za mti zimeelekea pande mbili. Lakini mfyulisi, mplamu, mtufaha na mparachichi haina alama ya wazi namna hiyo. Otea la mche wa chini hupanda juu, na tawi la kikonyo hupanda juu pia. Jicho lisilofundishwa huona mti mmoja wenye afya, kumbe vita vimekwisha kuanza ndani yake.

Ukoo wa mcheri haupo mbali na Njombe kama inavyodhaniwa. Mcheri, mplamu na mfyulisi yote imo katika jenasi moja, Prunus. Jenasi hiyo ina mwakilishi wake wa asili katika misitu ya milima ya Afrika, yaani Prunus africana, ambao magome yake hutumika kutengenezea dawa. Kwa hiyo yanayojulikana kuhusu kupogoa mcheri yana manufaa ya moja kwa moja kwa mkulima wa mafyulisi.

Kila sehemu hushika urithi wake

Kiungo kinapopona, tabaka la seli changa liitwalo kambiamu katika mche wa chini huungana na lile la kikonyo. Tangu hapo maji na madini hupanda kutoka mizizini hadi kwenye majani, na sukari hushuka kutoka majanini hadi mizizini. Huo ni ushirika wa chakula, wala si mchanganyiko wa urithi. Kila seli iliyo juu ya kiungo hubaki na urithi wa kikonyo, na kila seli iliyo chini yake hubaki na urithi wa mche wa chini.

Historia ya parachichi la Hass ni ushahidi mzuri. Katika miaka ya 1920, Rudolph Hass, mtu wa California nchini Marekani, alipanda mbegu za parachichi akikusudia kuibebesha miche yake kwa aina nyingine iliyosifika wakati huo. Mche mmoja ulikataa kila kikonyo uliobebeshwa, ukaachwa ukue wenyewe. Matunda yake yalikuwa bora kuliko yale aliyoyataka, na mwaka 1935 akapata hataza ya aina hiyo. Mti huo wa kwanza ulikufa na kukatwa mwaka 2002. Lakini kila mparachichi wa Hass duniani, hata ulio Njombe, ni mwendelezo wa mti huo mmoja, uliohamishwa kwa vikonyo kutoka mti hadi mti. Mtu akipanda mbegu ya Hass hapati Hass, kwa sababu mbegu huchanganya urithi wa wazazi wawili. Kiungo kikipotea, basi, Hass imepotea kutoka shamba hilo.

Kwa nini mche wa chini hushinda

Yapo mambo matatu yanayoupa mche wa chini nguvu ya kushinda.

Kwanza, maotea yake yapo karibu na mizizi, nayo hupata maji na madini kabla hayajafika kwenye kikonyo.

Pili, mche wa chini huchaguliwa kwa ajili ya nguvu na uvumilivu wake. Sifa hizo zinazoufaa kuwa msingi ndizo pia zinazoufanya kuwa mshindani hatari.

Tatu, ipo kanuni ya ukuaji iitwayo utawala wa ncha. Jicho lililo kwenye ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka shinani na kuyazuia macho ya pembeni yasichipuke. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika mwaka 1880 juu ya ncha za mimea kupeleka ishara sehemu za chini. Katika miaka ya 1920 Frits Went aliitenga homoni yenyewe kwa majaribio ya miche ya oti, na katika miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walionyesha kwamba homoni hiyo ikipakwa mahali pa ncha iliyokatwa, macho ya pembeni huendelea kulala. Uchunguzi wa karibuni umeongeza kwamba sukari nayo hushiriki: ncha inapokatwa, sukari iliyokuwa ikielekea huko huyafikia macho ya pembeni na kuyaamsha.

Wakazi wa Njombe huiona kanuni hii kila siku katika mashamba ya chai. Mchai ukiachwa huwa mti wa mita kadhaa. Kwa kuwa ncha zake huchumwa mara kwa mara, macho ya pembeni huchipuka, na shamba huwa tambarare kama meza.

Katika mti uliobebeshwa kanuni hiyo huweza kuleta msiba. Kikonyo kikijeruhiwa na baridi, kikikatwa kupita kiasi au kikikauka kwa kiangazi, amri ya ncha hukoma, na macho yaliyolala chini ya kiungo huamka. Usiku wa baridi kali katika mabonde ya Njombe, umande unapoganda, huweza kuua kikonyo kichanga na kuuacha mche wa chini ukiwa hai. Wiki chache baadaye mkulima huona machipukizi ya kijani, hufurahi na kusema mti umefufuka. Kweli kuna kilichofufuka, lakini si kile alichokinunua.

Kutambua kilicho juu na kilicho chini

Kabla ya kukata chochote, kiungo kitafutwe. Kwa kawaida huonekana kama uvimbe, kovu, au mahali ambapo shina hupinda kidogo na gome hubadilika rangi. Tahadhari nzuri ni kupaka alama ya rangi juu kidogo ya kiungo siku mche unapopandwa, na kuhakikisha kwamba kiungo hakifunikwi na udongo wala matandazo. Kiungo kikizikwa, maotea hutoka ardhini na asili yake haijulikani tena.

Majani nayo hutoa ushahidi. Mplamu hubebeshwa mara nyingi juu ya mfyulisi. Majani ya mfyulisi ni marefu na membamba, na ya mplamu ni mafupi na mapana zaidi. Mplamu unaoonyesha majani ya namna mbili umekwisha kutoa habari zake. Penye shaka, tawi lifuatwe kwa kidole kutoka kwenye majani hadi linapoanzia. Likianzia chini ya kiungo, ni la mche wa chini, hata likiwa zuri kiasi gani.

Kanuni za kukata

Kazi ya kwanza ni kuondoa maotea yaliyo chini ya kiungo. Yakiwa bado laini, hung'olewa kwa mkono kuelekea chini, na macho yaliyo kwenye kitako chake hung'oka pamoja nayo. Yakisubiriwa hadi yakomae, yatahitaji mkasi, na kila kisiki kitakachobaki kitachipusha maotea mengine. Ukaguzi wa mara moja kwa mwezi katika msimu wa mvua huokoa kazi ya mwaka mzima.

Kazi ya pili ni kuondoa matawi yaliyokufa, yaliyougua na yaliyovunjika, kisha yale yanayosuguana. Mti ulioondolewa hayo tu mara nyingi hauhitaji kukatwa zaidi.

Kazi ya tatu ni kuupa mti umbo. Mfyulisi na mplamu hufaa kuachiwa matawi makuu matatu au manne yaliyosambaa, katikati pakiwa wazi kama bakuli, ili jua na hewa vipite. Mkato hufanywa juu kidogo ya jicho linalotazama nje, kwa sababu tawi jipya litafuata uelekeo wa jicho hilo. Mcheri unaoinama hudai kinyume: huchaguliwa jicho linalotazama juu, ili tawi lipande kidogo kabla ya kuinama na mti upate umbo la mwavuli. Sababu ni ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2018 watafiti waliochunguza mifyulisi yenye matawi yanayoning'inia walieleza kwamba hali hiyo inatokana na hitilafu katika jeni moja, ambayo waliiita WEEP. Chipukizi la mti wa kawaida huhisi mvutano wa dunia na kuinuka. La mti huo halitii wito huo. Kuupogoa ili usimame wima ni kazi bure.

Kazi ya nne ni kujua tunda hukaa wapi. Mfyulisi huzaa kwenye matawi yaliyoota mwaka uliotangulia, kwa hiyo huhitaji kupogolewa kila mwaka ili upate matawi mapya. Mtufaha huzaa zaidi kwenye vijitawi vifupi vyenye umri wa miaka miwili au zaidi, na anayevikata vyote hukata mavuno ya miaka ijayo. Mparachichi hutoa maua karibu na ncha za matawi, kwa hiyo hupunguzwa kidogo kidogo baada ya kuvuna. Shina lake lisiachwe wazi ghafla, maana jua huunguza gome lake. Kwa miti yote, ni busara kutoondoa zaidi ya robo ya matawi katika mwaka mmoja.

Mahali pa kukata

Ngozi ya mtu ikijeruhiwa hupona kwa seli mpya kushika mahali pa zile zilizoharibika. Mti haufanyi hivyo. Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo ili aone kinachotokea ndani ya jeraha. Katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1977 alieleza kwamba mti hujenga kuta za kuzuia uozo usienee, kisha hulifunika jeraha kwa mbao mpya kutoka pembeni. Jeraha la zamani hubaki ndani daima.

Kwa hiyo mahali pa kukata pana uzito mkubwa. Tawi linapoungana na shina kuna uvimbe unaoweza kuitwa shingo ya tawi, na humo ndimo ulinzi wa mti ulimo. Mkato ufanywe nje kidogo ya shingo hiyo. Ukifanywa ndani, sambamba na shina, ulinzi huondolewa na uozo huingia. Ukifanywa mbali, hubaki kisiki ambacho hufa na kuwa mlango wa kuvu. Tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kutoka chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka shinani, hadi theluthi ya unene wake, pili kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, ili lianguke bila kuchana gome, tatu, kisiki kilichosalia hukatwa nje ya shingo. Panga halifai, kwa kuwa hupasua na kuacha nyuzi. Mkasi na msumeno wenye makali hutosha, nao ufutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Kulipaka jeraha rangi au lami hakusaidii kulifunga.

Majira

Jeraha bichi huogopa mvua, kwani mbegu za kuvu na bakteria husafiri kwa matone ya maji. Huko Ulaya, micheri na miplamu hupogolewa wakati wa kiangazi ili kuepuka magonjwa ya namna hiyo. Katika Njombe na Makambako mvua huanza kwa kawaida Novemba na kukoma karibu na Mei, na kipupwe huwa kikavu. Mtufaha, mfyulisi na mplamu huweza kupogolewa kuelekea mwisho wa kipupwe, baada ya baridi kali kupungua na kabla ya macho kufunguka. Anayekata mapema mno huamsha machipukizi ambayo baridi itayaunguza. Maotea ya chini ya kiungo peke yake hayana msimu: huondolewa siku yanapoonekana.

Kama mti umekwisha kupotea

Ichukuliwe kuwa shule ya sekondari ilipanda miche 40 ya parachichi zilizobebeshwa, na baada ya miaka mitatu ikagundua kwamba 12 kati ya hiyo imebaki mche wa chini tu. Hakuna haja ya kuing'oa, kwa maana mizizi ya miaka mitatu ni mali. Katika kila mti huchaguliwa otea moja lililonyooka na lenye nguvu, mengine huondolewa, na otea hilo hubebeshwa upya kwa kikonyo kutoka mti unaojulikana. Shule itakuwa imepoteza muda, lakini haitaanza tena mwanzo. Hasara ya kweli ni kuendelea kuutunza mti miaka mingine mitano bila kujua ni mti gani.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wapande maharage katika makopo kumi yenye udongo wa namna moja. Miche ikishapata majani halisi mawili, ncha za miche mitano zikatwe kwa wembe, na mitano iachwe. Baada ya siku 14 machipukizi ya pembeni yahesabiwe na kupimwa urefu kwa rula, na wastani wa makundi mawili ulinganishwe katika jedwali. Kopo moja la ziada lilazwe ubavu, na uelekeo wa shina uchorwe kila asubuhi kwa siku tatu.

Maswali

1. Eleza kwa nini mbegu ya parachichi la Hass haitoi mti wa Hass, ilhali kikonyo chake hutoa.

2. Mche wa chini hukilisha kikonyo. Kwa nini basi haubadili aina ya matunda yake?

3. Mkulima alikata nusu ya matawi ya mplamu wake kwa mara moja. Baada ya mwezi maotea mengi yalichipuka chini ya kiungo. Tumia kanuni ya utawala wa ncha kueleza yaliyotokea, na ushauri la kufanya.

4. Tembelea miti mitano iliyobebeshwa karibu na shule au nyumbani. Kwa kila mti, pima kimo cha kiungo kutoka ardhini, hesabu maotea yaliyo chini yake, kisha andika kama mti huo bado ni ule uliopandwa.